Baba mkwe ananiomba maji saa nane usiku, na mimi nampa

Habari mshauri. Tafadhali usinitaje jina wala usiseme naishi estate gani, sema tu ni Eastlands, juu huku kwetu watu wakisoma kitu wanaanza kuhesabu milango. Niko na miaka 38, watoto watatu, nauza mtumba ya watoto asubuhi mpaka saa nane hivi kisha nakimbia nyumbani juu kuna mgonjwa. Mgonjwa mwenyewe ni baba mkwe.

Mzee ana miaka 69. Presha alikuwa nayo miaka mingi sana lakini dawa alikuwa anakunywa akijiskia vibaya, akijiona mzima anaacha, na mwaka jana akafura miguu na uso mpaka tukamtoa Kitui tukamleta hapa Nairobi. Daktari akasema figo zote mbili zimeisha nguvu. Tangu hiyo siku ni mashine ya kusafisha damu, Jumatatu na Alhamisi, masaa manne kila mara. Bwanangu ni dereva wa lori la Malaba, anaweza kumaliza wiki mbili hajalala kwake, kwa hivyo nyumbani ni mimi, watoto, mzee, na wifi yangu ambaye alihamia kwetu asaidie. Na kusema ukweli anasaidia, yeye ndio humpeleka kliniki, yeye ndio anajua dawa gani ni ya saa ngapi, na yeye ndio ana daftari.

Hiyo daftari ndio sheria ya nyumba. Nesi alisema mzee asipitishe mililita 800 za kunywa kwa siku, basi wifi anajaza chupa ya nusu lita asubuhi, hiyo ndio maji ya siku nzima, na saa kumi anapata chai kikombe kimoja, imeisha hiyo. Zote zinaandikwa. Mkojo pia unapimwa na jagi la plastiki lenye mistari, siku hizi haupiti 300 kwa siku nzima, na wifi akiwa hayuko hiyo kazi inaniangukia. Wewe unajua vile mambo ya mke wa mwana na baba mkwe yako kwetu Ukambani, kuna nthoni, ile heshima ya kuoneana aibu na wakwe, huyu mzee hata salamu za mkono alikuwa ananipa akisitasita, leo ananipitishia jagi akiangalia ukuta na mimi naangalia sakafu.

Sasa shida ni kiu. Asubuhi akishakunywa uji wake wa wimbi na dawa anakuwa sawa, lakini ile chupa inaisha kabla ya saa saba, na jioni tukishakula (napika sufuria moja ya watu wote, gesi iko juu siwezi kupika mara mbili) anaanza kulamba midomo. Ulimi unakuwa mweupe umekauka, akiongea unaskia ukigonga. Na mshauri huyu ni mtu wa maji. Kwao maji ni kuchimba kwa mchanga wa mto uliokauka, na yeye ndio alichimba kisima hapo karibu na boma, watu wanakuja na punda wanachota hajawahi kulipisha mtu.

Kwa ploti yetu maji hufunguliwa usiku, tena sio kila siku, kwa hivyo ikija unaamka unakinga mitungi. Usiku mmoja kama miezi miwili imepita nilikuwa nakinga, saa nane hivi, mzee analala sebuleni kwa kochi, nikamskia ananiita polepole. "Mama, hiyo sauti naiskia mpaka kwa meno. Nipe kidogo tu nilainishe koo." Nikamletea na kikombe chake cha bati, kile alikuja nacho kutoka nyumbani. Akashika na mikono yote miwili, akafunga macho, akanywa bila kupumzika, akanirudishia akasema Mungu akuweke. Nikarudi kulala nimefurahi hata.

Kesho yake akaniita tena. Ikawa kila usiku kikombe kimoja. Wifi hajui, bwanangu hajui, na mzee hajawahi kuniambia nifiche lakini sote wawili tulijua.

Wiki mbili zimepita, wageni wakakuja Jumapili kutoka nyumbani, nikapika muthokoi na kuku wa mchuzi, wakaleta tikiti kubwa, mzee akala vizuri sana na sote tukafurahi. Usiku aliomba mara mbili nikampa mara mbili. Saa kumi akaanza kuhema, akilala anakosa pumzi, akiketi anapata kidogo, anakohoa kitu kama povu. Tukaita teksi tukakimbia hosi. Kwa mizani alikuwa kilo 62, na Alhamisi alitoka kwa mashine akiwa 58. Nesi akauliza, "nani anampatia huyu mzee maji?" Mimi nikanyamaza. Nilikuwa nimeshika koti lake na nikanyamaza tu.

Tulipofika nyumbani wifi akamgeukia kijana wangu wa gredi ya tisa, juu huwa anasoma hapo sebuleni mpaka usiku. Akamwambia "wewe ndio unataka kumuua babu yako." Kijana akaniangalia. Mshauri, huyo mtoto ananijua, alishawahi kuniona. Hakusema kitu. Mpaka leo hajasema, na siku hizi anasomea kwa jirani.

Niliacha kumpa siku tatu. Siku ya nne mzee akaniambia, "mama, afadhali nife nikiwa nimekunywa maji." Nikampa. Sasa nifanye nini? Niseme nionekane muuaji kwa hiyo familia? Niendelee? Ama niwe kama wifi, nimnyime mtu mzima maji nyumbani kwa mtoto wake?

Mama wa Eastlands

MSHAURI ANAJIBU

Mama, barua yako nimeisoma mara tatu na kila mara nakwama mahali pamoja, pale pa jagi, mzee na ukuta wake na wewe na sakafu yako. Watu wawili waliolelewa wasikaribiane hivyo wamelazimika kukaribiana kuliko hata mtu na babake mzazi, na nafikiri kile kikombe cha usiku kilikuwa pia njia ya kurudisha heshima kidogo, kwamba kuna kitu kimoja anaweza kukuomba na wewe ukampa bila kupima. Nasema hivi mapema juu naona umejiita muuaji kwa hiyo barua, na mimi sijaona muuaji hapo. Nimeona mtu anayeamka saa nane usiku.

Umeniandikia maswali mawili yamefungwa kamba moja, la kikombe na la kijana. Nitaanza na kikombe. Mimi ni mshauri, sio daktari wa figo, hesabu za mwisho ni za kliniki yenu, lakini kuna mambo ya mwili nataka tuyaelewe kwanza juu naona nyumba nzima inapigana na kiu bila kujua inatoka wapi.

Chukua ile mitungi yako ya lita 20. Panga tisa kwa mstari. Hiyo ni lita 180, na ndio figo mbili za mtu mzima mwenye afya zinachuja kutoka kwa damu kwa siku moja, siku moja tu mama. Kila figo ni kama ngumi, ndani ina vichujio vidogo sana kama milioni moja, na damu inapita hapo tena na tena mchana na usiku. Sasa kati ya hiyo mitungi tisa, karibu yote inarudishwa kwa damu, maji, sukari, chumvi inayotakiwa, kinachobaki kama lita moja na nusu ndio kinateremka na mirija miwili mpaka kwa kibofu kikiwa na takataka za mwili, na ndio unaenda nacho chooni. Kwa hivyo kazi kubwa ya figo sio kutoa maji. Ni kuamua ni maji kiasi gani yarudi.

Na haziamui peke yake. Chini ya ubongo kuna sehemu ndogo inayoonja damu kila saa kama vile wewe unaonja mchuzi. Damu ikizidi chumvi hata kwa asilimia moja au mbili, hapo hapo yanatokea mambo mawili, homoni inatumwa kwa figo kuziambia zirudishe maji zaidi, na wewe unaskia kiu. Ndio maana ukishinda sokoni kwa jua hujanywa kitu unakojoa kidogo tena rangi ya chai ya rangi, na ukinywa maji mengi unatoka choo kila saa na mkojo ni mweupe. Mwili unasawazisha bila kukuuliza. Mimi hapa naandika na chupa ya lita moja mezani na sijawahi kuihesabu maishani mwangu.

Kwa mzee hiyo njia imekatika upande mmoja. Homoni inatumwa lakini inabisha nyumba isiyo na mtu. Ile sehemu ya ubongo inayoonja damu bado inafanya kazi vizuri kabisa, kiu haijui kwamba figo zimeisha. Mashine inajaribu kusaidia. Ya kwanza kufaa wagonjwa aliitengeneza daktari wa Uholanzi anaitwa Willem Kolff, mwaka wa 1943 vita vikiendelea, na utando aliotumia kuchuja damu ulikuwa ni ule wa kufungia soseji, hiyo huwa nikipita kwa mtu wa smoki naikumbuka. Lakini angalia saa. Figo zako zinafanya kazi saa 168 kwa wiki, mashine ya mzee inafanya nane. Hizo zingine 160, kila anachokunywa kinakaa ndani, isipokuwa kile cha jasho, cha pumzi, na zile mililita 300 za jagi. Na kuna kiasi mashine inaweza kuvuta bila kumuumiza, wataalamu wengi hawapendi kupita mililita 13 kwa kila kilo ya mtu kwa saa, kwa hivyo mzee wa kilo 58 kwa masaa manne ni kama lita tatu. Alikuja na nne. Ikivutwa kwa haraka presha inaanguka, misuli inakaza, moyo unachoka, na isipovutwa inapanda kwa mapafu, na hiyo ndio povu uliyoiona.

Sasa tuhesabu hiyo wikendi yenu, na nataka tuhesabu kweli. Lita moja ya maji ni kilo moja, haina siri. Kwa zile 800 za kila siku, pamoja na maji yaliyo ndani ya chakula, ukitoa mkojo na jasho, mzee labda angeongeza kilo moja na nusu hivi kutoka Alhamisi mpaka Jumapili usiku. Vikombe vyako ni Alhamisi kimoja, Ijumaa kimoja, Jumamosi kimoja, Jumapili viwili. Tuseme kikombe ni mililita 300, hiyo ni lita moja na nusu. Jumla tatu. Mizani ilisema nne. Ile nyingine imetoka wapi?

Rudi kwa barua yako mwenyewe. Umesema asubuhi anakunywa uji wa wimbi, halafu ukahesabu chupa na chai. Uji haumo kwa daftari. Naelewa, kwetu uji ni chakula, mtu hasemi amekunywa maji akinywa uji, lakini kwa mwili wa mzee uji ni maji yenye unga, na asubuhi tatu za kikombe kikubwa zinakaribia lita. Halafu kukawa na tikiti maji, na jina lenyewe si linasema. Halafu mchuzi wa kuku. Kwa hivyo mama, wewe sio msafi kwa hiyo hesabu, siwezi kukudanganya, lakini hauko peke yako pia, na wifi na daftari lake ana yake hapo, na wageni, na nesi pengine hakuwaelezea kwamba supu na uji na barafu na hata maji ya kumezea dawa ni kitu kimoja.

Na bado sijafika kwa kitu kilichonisumbua zaidi. Ni kale kasentensi ulikaweka kwa mabano ukapita mbio, sufuria moja ya watu wote.

Nadhani unaweka chumvi ya watu wote. Na labda kile kiungo cha pakiti cha mchuzi, ambacho sehemu kubwa ni chumvi tupu. Kama gramu tisa za chumvi, kijiko cha chai kimoja na nusu hivi, zinatosha kushikilia lita nzima mwilini. Mtu mwenye afya anashauriwa na Shirika la Afya Duniani asifike hata gramu tano kwa siku, na yeye ana figo za kuitoa. Mzee hana. Ikiingia inakaa kwa damu, ubongo unaionja, unalia maji, na hautanyamaza mpaka apate maji ya kutosha kuizimua. Hakuna ukaidi hapo wala tamaa, huwezi kumwambia mtu avumilie kitu kama hicho. Kwa hivyo inawezekana, na nasema inawezekana juu sijaona jikoni kwako, kwamba ile kiu ya saa nane usiku imepikwa saa mbili jioni. Na wewe umekuwa ukiizima kwa kikombe kumbe ilitoka kwa sufuria yako mwenyewe bila kujua.

Hii naiona kama habari njema kidogo. Sufuria ni yako, hauhitaji ruhusa ya wifi. Unaweza kutoa chakula cha mzee kabla hujatia chumvi, ukaweka kitunguu saumu, dania, limau kidogo, haimalizi gesi zaidi. Atalalamika wiki mbili tatu kwamba unamlisha chakula cha wagonjwa, kisha ulimi huzoea. Ila usimnunulie ile chumvi ya duka inayoitwa ya watu wa presha bila kuuliza kliniki, nyingi zimewekwa potasiamu badala ya sodiamu, na potasiamu ikijaa kwa mtu wa mashine inaweza kusimamisha moyo bila kupiga hodi. Hiyo potasiamu pia iko kwa ndizi, viazi, maharagwe, machungwa, avokado, madafu, vile vitu vyote tunavyopelekea wagonjwa tukifikiri tunawajenga, kwa hivyo ulizeni pia kuhusu muthokoi yenye maharagwe. Uliza pia kama sukari yake imepimwa karibuni, sukari ikipanda nayo inaleta kiu kali. Kuna na vitu vidogo vya kudanganya koo, kusukutua na kutema, kipande cha limau cha kunyonya, kipande cha barafu ambacho kinakaa mdomoni muda mrefu kuliko funda la maji (na kinaandikwa kwa daftari), na kugawa ile nusu lita kwa vikombe vidogo vidogo ili ya usiku ibaki. Hapo ujue unaweza kuendelea kumpa maji saa nane usiku. Ila yawe yake, ya siku hiyo, yaliyowekwa kando.

Lakini najua hukuniandikia kwa sababu ya chumvi.

Umeniuliza uendelee, unyamaze, ama useme, na mimi sitakuchagulia juu sitakuwa kwa hiyo sebule. Naweza tu kukuonyesha kila mlango unafungukia wapi. Ukiendelea kimya, mzee anapata dakika moja ya raha kila usiku na wewe unapata dua yake, na kliniki inaendelea kukisia. Hilo la kliniki ndilo naliogopa kuliko wifi. Wakiona uzito unapanda bila sababu wanaweza kubadilisha dawa za presha, wanaweza kuvuta zaidi, wanapanga kwa kutumia daftari ambalo ni la uongo nusu. Na safari ijayo teksi inaweza kuchelewa. Akianza kukosa pumzi akilala chali msingoje asubuhi hata mara moja, hiyo ni ya kukimbia.

Ukiacha kimya kimya, umeshajaribu, ulifika siku ya nne. Na fikiria pia mzee mwenye kiu atafanya nini, kuna bomba la bafu, kuna mitungi imejaa hapo jikoni, na kikombe usichokiona hukipimi kabisa.

Ukisema, kuna kusema kwa aina nyingi. Unaweza kuanza na nesi, peke yako, siku moja wifi akiwa na shughuli wewe umpeleke mzee. Manesi wa mashine wameona haya mambo mpaka wamezoea, hawatashangaa, na wakijua ukweli wanaweza kuangalia upya uzito wake, vipindi vyake, dawa, hata kuwauliza kama bima yenu inaruhusu kipindi kingine. Unaweza kuanza na bwanako, ila sio kwa simu akiwa barabarani usiku na lori, ngoja afike aoge ale. Hatari yake ni kwamba anaweza kukasirika kwanza kabla hajaelewa, babake ni babake. Na unaweza kwenda kwa wifi moja kwa moja. Hapo nikuulize kitu, umemuita kama askari, ananyima, ana sheria. Umewahi kumuuliza yeye analalaje? Huyo ni binti anampimia babake mzazi maji. Mimi sijui, lakini mtu anayeandika kila funda kwa daftari mara nyingi ni mtu anayeogopa sana, na pengine yale maneno aliyomwambia kijana yalikuwa ya woga. Haimaanishi hayakuwa mabaya. Yalikuwa mabaya.

Kijana sasa. Sijui ukimwambia ukweli wifi utaanguka wapi, lakini kwa kijana kuna kitu unaweza kufanya leo hata kabla hujaamua mengine, kukaa naye chini umwambie, nilikuona ukiniangalia, na sikusema, na ni mimi. Amebeba siri ya mtu mzima wiki mbili na amehama meza yake ya kusomea kwa ajili yake, mwaka wenye mtihani. Hatari ipo, anaweza kukuuliza kwa nini hukumtetea na hautakuwa na jibu zuri. Anaweza pia kukuambia kitu ambacho hatujakifikiria, kwamba na yeye amewahi kumpa babu maji. Hilo nalo liingie kwa hesabu ya ile kilo ya nne.

Na mzee mwenyewe? Nimegundua kwa hiyo barua ndefu kila mtu anaamua juu ya koo lake, nesi, wifi, wewe, mimi hapa, na yeye ameulizwa lini? "Afadhali nife nikiwa nimekunywa maji" inaweza kuwa ni kiu tu inaongea, ukipunguza chumvi hutaiskia tena. Inaweza pia kuwa mtu wa miaka 69 anawaambia amechoka na mashine, na hayo ni mazungumzo mengine kabisa, ana haki nayo, lakini yafanywe mchana, watoto wake wakiwepo, na daktari, sio kwa kunong'ona na mke wa mwanawe gizani. Watu wengi hawajui kwamba Nairobi Hospice, ile iko pale Hospitali ya Kenyatta, kazi yake sio wa kufa kesho tu, wanasaidia familia kuzungumza vitu kama hivi na kupunguza mateso mtu akiwa bado anaendelea na matibabu. Mkiona mnakwama waulizeni wa kliniki wawaelekeze. Mzee anaweza kuchagua kuendelea na mashine na sheria zake akijua kwa nini, mtu aliyechimba kisima kwa mkono wake anaelewa hesabu ya maji kuliko sisi sote, hebu jaribuni kumuelezea na mitungi. Anaweza kuchagua tofauti. Na ukweli unaweza kumuumiza pia, akijua ule usiku wa hosi ulitokana na kikombe alichokuomba, anaweza kuacha kukuomba kabisa na akabaki na kiu yake kimya. Hiyo pia uifikirie kabla hujafungua mdomo.

Kitu kimoja cha mwisho, ni kidogo. Hesabu yangu yote nimeifanya nikisema kikombe ni mililita 300, na hayo ni makisio, vile vikombe vya bati vya zamani vingine vinaingia nusu lita. Chukua chupa ya soda ya glasi, ile ya 300, ijaze maji umimine ndani ya kikombe cha mzee uone kama kinajaa au kinabaki. Uniandikie ulichokiona.